Kuvua trauti kwa nzi bandia ukiwa ndani ya mto: mwongozo kwa vijito vya Nyandarua na Mlima Kenya

Trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Ewart Grogan alileta wale wa kahawia kutoka Uskoti na kuwaachia katika mto Gura mwaka 1905, na wale wa upinde wa mvua wakafuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Sasa wametulia katika maji baridi ya Gura, Chania, Mathioya, Thiba, Ragati, Burguret, Naro Moru na vijito vingine vingi. Maji haya ni membamba, yana mawe makubwa, na kingo zake zimesongwa na mianzi na thabai, ule mmea unaowasha. Anayejifunza kwa mafunzo ya mito mipana ya nje hufika hapa akitaka kurusha mshipi mita 20, na siku yake huishia kunasua ndoana kwenye matawi. Huku samaki huvuliwa akiwa mita 6 hadi 8 tu mbele yako. Ukimkosa, mara nyingi kosa limefanywa na mguu kabla mkono haujarusha chochote.

Kwanza elewa kwa nini tunaingia majini

Samaki hutazama nje ya maji kupitia duara lililo juu ya kichwa chake. Mwanga unapoingia majini hupinda, na kitu kilicho chini sana, kama nyuzi 10 hivi juu ya usawa wa maji, humfikia kikiwa kimebanwa na kufifia hata asikitambue. Sasa piga hesabu. Mtu wa mita 1.7 akisimama kwenye ukingo wenye kimo cha mita 1, kichwa chake kiko mita 2.7 juu ya maji. Ili abaki chini ya nyuzi hizo 10, lazima awe umbali wa mita 15. Mtu huyohuyo akisimama kijitoni maji yakamfika magotini, amebakiza kama mita 1.2 juu ya maji, na anaweza kumkaribia samaki hadi mita 7. Akiinama kidogo, anakaribia zaidi. Kwenye msitu wa mianzi mita 15 hazirushiki, mita 7 zinarushika. Hiyo ndiyo sababu ya kulowa.

Faida ya pili ni kwamba trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, naye haoni vizuri moja kwa moja nyuma yake. Kwa hiyo tunavua tukipanda mto. Hata tope unalotibua linakwenda nyuma yako, halimfikii.

Hatua ya 1: Kibali, msimu na saa

Trauti huvuliwa kwa leseni, na ndani ya hifadhi unalipa pia kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Msituni kuna nyati na ndovu, na sauti ya maji inaziba sauti zao na zako pia, kwa hiyo usiende mtoni bila askari wa hifadhi. Mwambie atembee nyuma yako, mbali na ukingo.

Miezi mizuri ni Januari hadi katikati ya Machi, na Julai hadi Septemba, maji yakiwa machache na safi. Usiamke alfajiri bila sababu: huku juu maji ya asubuhi ni ya baridi mno na samaki ni mzito. Anza jua likishafika majini, kama saa 3 asubuhi, uvue hadi saa 6, kisha urudi saa 10 alasiri. Beba kipimajoto cha maji. Nyuzi 11 hadi 16 ni nzuri sana. Zikipita 20, acha kuvua, kwa sababu trauti aliyechoka kwenye maji ya joto anaweza kufa hata ukimwachia.

Hatua ya 2: Vifaa

Fimbo ya futi 7.5 hadi 8 ya namba 4 (namba ya uzito wa mshipi inaoubeba), pamoja na mshipi wa namba 4 unaoelea, inatosha mito yote niliyotaja. Fimbo ya futi 9 inavulika penye uwazi tu. Mbele ya mshipi weka lida, yaani uzi mwangavu unaopungua unene, futi 7.5, na mwisho wake uunge tipeti, kipande chembamba cha kufungia nzi, ya sentimita 60. Tipeti ya 5X, yenye unene wa milimita 0.15, ndiyo ya kawaida. Maji yakiwa na rangi au mawe yakiwa makali, tumia 4X, milimita 0.18.

Kwa nzi bandia, yaani ndoana zilizovikwa manyoya zifanane na wadudu, usijaze kisanduku. Chukua wa kuelea wenye manyoya mengi, ndoana namba 12 na 14, maana povu la vijito hivi huzamisha wembamba. Chukua tunutu, yaani nzi wa kuzama wanaoiga wadudu wachanga wa majini, wa kahawia na weusi, namba 14 na 16, wenye ushanga wa tungsteni wa milimita 2.5 au 3. Ongeza nzi mweusi aitwaye Kenya Bug kwa ajili ya malindi, yaani vidimbwi vya mtoni vyenye kina. Kabla ya kuondoka nyumbani, bana kwa koleo kile kijino cha nyuma cha kila ndoana kilale kabisa.

Miguuni, gambuti ni hatari. Likijaa maji linakuwa jiwe, na soli yake huteleza kwenye utelezi wa kijani. Kama huna viatu vya kazi hii, raba kuukuu zenye soli laini na soksi nene za sufu ni bora mara kumi. Ukivaa suruali ya mpira ya kufika kifuani, funga mkanda kiunoni kwa nguvu, nje ya suruali. Ukianguka, mkanda ndio unaozuia maji yasijae miguuni. Mkongojo wa kufika kwapani ni lazima, hata wa mwanzi, ufungwe kamba kwenye mkanda usije ukachukuliwa na mkondo.

Hatua ya 3: Funga nzi wawili

Mtindo unaozaa zaidi hapa ni nzi wa kuelea juu na tunutu akining'inia chini yake. Wa kuelea anafungwa kwenye tipeti. Kisha kipande kingine cha 5X kinafungwa kwenye mpindo wa ndoana yake, na mwishoni tunutu. Anza na sentimita 45 kati yao.

Fundo ni lile la kuzungusha. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe mara 5 kwenye uzi mkuu, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, kisha uipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lilowe fundo kwa mate. Uzi mkavu ukikazwa hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale penye fundo. Ukiutazama kwenye mwanga utauona umejikunja kama unywele uliopitiwa na moto. Kata, funga upya. Samaki wengi wanaosemekana "walikata uzi" walipotea hapa.

Hatua ya 4: Uliza jiwe, kisha soma maji

Kabla ya kurusha, inua jiwe la ukubwa wa ngumi mbili kutoka penye maji ya kwenda kasi, uligeuze. Utaona vidudu bapa vyenye mikia vikikimbilia kivuli, na vijumba vidogo vya mchanga vimeganda kama punje za mchele, kila kimoja na mdudu wake ndani. Linganisha ukubwa na rangi na tunutu ulionao. Ukubwa una uzito kuliko rangi. Rudisha jiwe lilivyokuwa.

Trauti anataka maji ya polepole yaliyopakana na ya kasi, akae bila jasho chakula kikimpitia puani. Tafuta mbele ya jiwe kubwa (wengi hutazama nyuma tu, wakati mkondo hujenga kitu kama mto laini wa kulalia mbele ya jiwe pia), tafuta mstari wa povu, chini ya ukingo uliochimbika, na kichwa cha lindi pale maporomoko yanapoingia. Mkia wa lindi, penye maji mafupi yanayotoka, usiudharau: mara nyingi kuna samaki mdogo hapo, na ukimkurupusha atakimbia kwenda juu na kuwatibua wote. Vua mkia kwanza, ndipo upande.

Hatua ya 5: Kutembea majini

Ingia chini ya mahali unapotaka kuvua, kama mita 10 nyuma. Simama ubavu kwa mkondo, mkongojo upande wa juu. Sogeza kitu kimoja kwa wakati: mkongojo, mguu, mguu, viwili vikiwa vimeshika chini kila mara. Mguu usipite mbele ya mwenzake, sogeza kama unayeburuza. Papasa kwa kidole, kanyaga kati ya mawe, si juu yake. Ukiona wimbi dogo likitangulia magoti yako, unakwenda haraka mno na samaki ameshajua.

Nguvu ya maji haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Ndiyo maana maji ya paja yaliyotulia yanapitika na ya goti yanayonguruma yanaangusha mtu mzima. Kwenye kasi, goti ndilo mwisho. Kwenye utulivu, paja. Kuvuka, kata kimshazari kuelekea chini, ukihakikisha kwanza kwamba hakuna maporomoko wala gogo lililolala mtoni chini yako.

Ukianguka, usihangaike kusimama. Lala chali, miguu ikitangulia upande maji yaendako, vidole juu, upige mikono kuelekea ukingo hadi makalio yaguse chini. Anayesimama mapema hunasa mguu kati ya mawe, na mkondo humlaza kifudifudi.

Hatua ya 6: Kurusha na kuelea

Nafasi ya kurusha nyuma haipo, kwa hiyo jifunze mrusho wa kuviringisha. Vuta ncha ya fimbo polepole hadi ipite sikio lako, mshipi ukining'inia nyuma ya bega kama upinde na sehemu yake ikiwa bado imelala majini. Tulia kidogo. Kisha sukuma mbele kwa nguvu na uisimamishe fimbo ghafla ikiwa juu ya usawa wa macho. Ukiishusha hadi majini, mshipi utarundikana mbele yako. Hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza.

Lakini kurusha ni robo tu ya kazi. Kinachomfanya trauti aume ni nzi kwenda mwendo uleule wa povu lililo kando yake. Mshipi wako ukilalia mkondo wa kasi wakati nzi yuko kwenye utulivu, mkondo unauvuta, nzi anaburutwa na kuacha nyuma yake mchirizi kama wa mtumbwi. Samaki huona hilo na kukataa. Dawa ni tatu. Karibia zaidi, usimame karibu moja kwa moja nyuma ya samaki. Inua fimbo juu ili lida pekee iguse maji. Na ikibidi mshipi ulale, mara tu unapotua, chora nusu duara kwa ncha ya fimbo kuuweka upande wa juu wa mto. Huku ukivuta mshipi kwa mkono wa kushoto kwa mwendo uleule maji yanavyokuletea. Ukivuta haraka unamburuta nzi, ukichelewa unakusanya ulegevu utakaokunyima samaki.

Nzi akielea vizuri kwa mita 2, inatosha. Rusha mara 4 au 5 mahali pamoja, kisha songa. Tunutu asipogusa chini hata mara moja katika mirusho 10, ongeza uzi wake sentimita 10. Akinasa kila mara, punguza.

Hatua ya 7: Kukaza, kuleta, kuachia

Nzi wa juu akisita, akizama au akienda pembeni, kaza palepale. Trauti hutema manyoya chini ya sekunde. Kukaza ni kuinua ncha sentimita 30, si kung'oa muhogo. Samaki wengi hapa ni wa sentimita 20 hadi 30, na ukikaza kwa hasira utamrusha mtini.

Mkubwa akikimbia kufuata maji, laza fimbo ubavuni umgeuze kichwa, nawe utoke kwenye mkondo uelekee ukingoni. Usimkimbilie juu ya mawe. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu mkono mkavu humwondolea ute unaomlinda na magonjwa. Toa ndoana akiwa majini. Mshike kichwa kikielekea juu ya mto hadi aondoke mwenyewe, na asikae hewani zaidi ya sekunde 10. Unayemchukua kwa chakula, mpasue na kumsafisha mapema, umfunge kwa majani mabichi yaliyolowa, maana tumbo la trauti huharibika kwanza.

Mto ukibadilika

Mvua ya mchana hunyesha juu mlimani wakati kwako jua linawaka. Dalili ya kwanza ni majani makavu na vijiti kuanza kupita kwa wingi, kisha maji kupata rangi ya chai, kisha mngurumo kuwa mzito. Usingoje ya pili. Toka upande wenye njia ya kurudi, hata kama samaki anaruka mbele yako.

Ukifika nyumbani, sugua viatu na mkongojo, uvikaushe juani kabisa kabla ya kwenda mto mwingine. Soli za kitambaa huchukua siku kadhaa kukauka, na unyevu unaobaki unaweza kubeba ugonjwa kutoka kijito kimoja hadi kingine.