Somo: Kumchagulia Kasuku Tundu na Mahali pa Kukaa Nyumbani

Wengi humnunua ndege kwanza, wakaenda kutafuta tundu jioni ile ile, kisha wakazunguka nyumba nzima wakiuliza walitundike wapi. Somo hili linageuza mpangilio huo. Tutaanza na nyumba, tuamue aina ya kasuku inayoiweza nyumba hiyo, tutengeneze tundu, na ndege mwenyewe aletwe mwisho, kwa kuwa ukuta na jiko lako ni vigumu kuvihamisha, ilhali tundu hutengenezwa kwa kipimo unachotaka.

Jambo moja la sheria litangulie. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye bado anaishi katika misitu yetu ya Uganda kama Mabira, Budongo na Kibale, amewekwa katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini tangu Januari 2017, na biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imefungwa. Hapa nyumbani, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kumiliki mnyama au ndege anayelindwa bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi aachwe na ndege wake, hata akishusha bei mara tatu.

Hatua ya kwanza: kagua nyumba

Anzia jikoni, ingawa tundu halitakaa huko. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa vinavyoenea mwilini, hivyo kila pumzi humpatia hewa nyingi zaidi kuliko inavyotupatia sisi, na sumu iliyomo hewani humfikia kwa kasi hiyo hiyo. Sigiri ya makaa inayowashwa ndani wakati wa mvua, ambayo watu wazima huivumilia kwa kukohoa kidogo, inaweza kumuua kasuku. Kikaango kisichoshika chakula nacho, kikisahauliwa motoni kikiwa kitupu hadi kipate joto kali mno, hutoa hewa isiyoonekana inayoua ndege katika muda mfupi, hata kama yuko chumba cha pili. Ongeza hapo dawa ya mbu ya kupuliza, ile ya kuchoma usiku, ubani na moshi wa sigara. Ikiwa jiko na sebule vinatenganishwa na pazia tu, hamishia upishi wa makaa nje au uahirishe mpango wa kufuga.

Baada ya hapo tafuta ukuta. Kasuku ni ndege wa kundi na hupenda kuona familia inaendelea na shughuli zake, kwa hiyo sebule humfaa kuliko chumba cha wageni kinachofunguliwa Krismasi na Idi. Upande mmoja wa tundu uegemee ukuta, kwa sababu ndege anayeweza kuendewa kutoka pande zote nne hatulii. Kimo kizuri ni kile kinachomweka usawa wa kifua chako. Jua la asubuhi linamfaa, lakini lazima awe na kivuli cha kukimbilia, hasa Arua na Gulu katika kiangazi cha Desemba hadi Februari. Walioko Kabale wana tatizo tofauti, la baridi ya usiku na upepo wa mlangoni. Na popote ulipo, angalia juu: bati lisilo na dari huchoma mchana, na mvua kubwa ikilipiga usiku hata mtu huamka.

Hatua ya pili: amua aina kulingana na saa zako

Kasuku wa kijivu huishi miaka 40 na hata 60 akitunzwa vizuri, na huhitaji saa kadhaa za kuwa na watu kila siku. Anayetoka alfajiri kuwahi foleni ya Kampala na kurudi usiku hana saa hizo. Yeye afikirie kasuku wadogo wa Australia, wale wa kijani na wa bluu, wafugwe wawili au zaidi ili wapige soga wenyewe. Cherero, kasuku wadogo wanene wenye mkia mfupi, nao wanaishi vyema wawili wawili, ila ni wakali kwa ndege wa aina nyingine na hawafai kuchanganywa. Tena wapo cherero wa porini hapa Uganda, wenye uso mwekundu, kwa hiyo sharti la kibali linawahusu pia.

Hatua ya tatu: tundu lenyewe

Hapa ndipo fedha hupotea, tukaze macho.

Kipimo cha kwanza ni bawa. Kasuku wa kijivu akikunjua mabawa yote mawili hufika karibu nusu mita kutoka ncha hadi ncha, na ndani ya tundu anapaswa kuyakunjua na kuyapiga bila kugusa nondo wala kamba. Kwa hiyo usikubali chini ya sentimita 90 kwa upana, 60 kwa kina na 120 kwa kimo. Kwa jozi ya wale wadogo wa Australia, sentimita 75 kwa 45 kwa 45 ni mwanzo tu. Upana una maana kuliko kimo, maana ndege huruka kwenda mbele na si kupanda wima kama helikopta. Matundu marefu membamba yenye paa la kuba yametengenezwa kumpendeza mnunuzi. La duara liache kabisa, kwa kuwa halina pembe ya ndege kujibanza akiogopa.

Kipimo cha pili ni nafasi kati ya nondo. Kwa kasuku wadogo isizidi sentimita 1.2. Kwa wa kijivu, kati ya 2 na 2.5. Kichwa kikipenya, ndege hujinyonga akijaribu kukitoa. Nondo ziwe za kulala angalau pande mbili, kwani kasuku hupanda kwa mdomo na miguu, na nondo za kusimama tupu humtelezesha.

Mafundi wa Katwe kule Kampala, na wachomeleaji wa karibu kila mji, wanaweza kukutengenezea tundu imara kuliko mengi yanayoagizwa nje, mradi umpe fundi masharti kabla hajakata chuma. Mwambie hutaki waya uliopakwa zinki. Zinki hubanduka kidogo kidogo mdomoni mwa ndege na kumsumisha, na hali ni mbaya zaidi pale palipochomelewa, ambapo huacha unga mweupe na vitone vigumu kama punje za uwele. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora lakini ni ghali. Chuma cha kawaida kilichosuguliwa vizuri na kupakwa rangi ya unga iliyookwa kinatosha. Rangi iwe imeandikwa kwamba haina madini ya risasi. Siku ya kuchukua kazi, pitisha kidole polepole kwenye kila kiungo cha ndani. Kinachokukwaruza wewe kitakata ulimi wake.

Usisahau mlango. Mlango wa kupandisha juu, ulio kwenye matundu mengi ya bei rahisi, kasuku huujua mapema: huingiza mdomo wa juu chini ya waya, huuinua, huushikilia kwa mguu, na kichwa kiko nje. Mlango ufunguke kwa bawaba, uwe na komeo, na kwa wa kijivu tia kufuli ndogo.

Hatua ya nne: vitu vya ndani

Toa vijiti vya plastiki vyenye unene mmoja na uweke matawi halisi ya mpera au mwembe, yasiyopuliziwa dawa, yaliyosuguliwa na kuanikwa juani. Unene wake utofautiane ili nyayo zisipate vidonda. Tawi la mparachichi lisikanyage humo. Vyombo vya chakula na maji visikae chini ya kijiti, kwa sababu inayoeleweka. Vya kuchezea si lazima vinunuliwe: gunzi la mahindi, kifuu kilichosafishwa, kipande cha mti laini cha kutafunwa. Kasuku asiye na cha kubomoa hujibomoa mwenyewe.

Hatua ya tano: siku yake

Huhitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Kwetu kwenye ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo jua linapozama, funika tundu kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na upunguze sauti ya televisheni. Kila siku atoke nje ya tundu madirisha yakiwa yamefungwa, feni imezimwa na sufuria za moto zimefunikwa. Mbegu za alizeti peke yake humnyima vitamini A na kalisi. Mpe dodo (mchicha), sukuma wiki, karoti, papai, maboga na mahindi mabichi. Parachichi, chokoleti, kahawa na chumvi visimfikie kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Arua: Mwalimu, kuna kijana anayepitisha kasuku wa kijivu kutoka Congo kwa bei nafuu sana. Nikimweka katika tundu zuri kuna kosa gani?

Jibu: Kosa ni la kisheria na pia la huruma, ndugu yangu. Ndege hao hunaswa kwa ulimbo au nyavu na wengi hufa njiani, na yule anayefika akiwa hai huogopa binadamu kwa miaka. Ukimnunua mmoja, kijana atakwenda kunasa wengine. Toa taarifa katika ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori iliyo karibu.

Swali, kutoka Bombo: Hajati mama yangu anataka tundu likae barazani usiku na mchana, anasema ndege anahitaji hewa. Nimwelezeje?

Jibu: Mchana ana haki, na mwambie nimemuunga mkono. Usiku kuna panya, nyoka, paka na, wabaya kuliko wote, siafu, ambao humvamia ndege aliyefungiwa asiye na pa kukimbilia. Aingizwe ndani jioni. Ikiwa tundu ni zito halihamishiki, kila mguu wake usimame ndani ya kopo la maji yenye sabuni, yabadilishwe kila siku, kwa kuwa jani moja likianguka humo tayari ni daraja.

Swali, kutoka Busia: Fundi alishamaliza tundu kwa waya wa zinki kabla sijasoma somo hili. Nilitupe?

Jibu: Sugua kwa brashi ngumu na siki, suuza, anika, na ufanye hivyo zaidi ya mara moja. Hatari itapungua ila haitaisha. Kwa ndege mdogo asiyetafuna sana ni suluhisho la muda. Kwa wa kijivu, ambaye hutafuna waya kutwa, mrudishie fundi abadilishe wavu. Ukimwona ndege analegea, anakunywa maji kupita kiasi au anatapika, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Swali, kutoka Jinja: Dada alituachia kasuku mmoja alipohamia Mwanza. Sasa ananyonyoa manyoya ya kifuani.

Jibu: Kwanza daktari, kwa sababu wadudu, maradhi na lishe mbaya huleta dalili hiyo hiyo. Akionekana mzima, hesabuni saa anazokaa peke yake na mtazame kama ana cha kutafuna. Mnyunyizieni maji vuguvugu kama ukungu kila asubuhi, mumpe matawi mapya, na mtu mmoja wa nyumbani apangiwe kukaa naye kila siku saa ile ile. Msimpigie kelele anapojinyonyoa, maana kelele kwake ni mazungumzo.

Swali, kutoka Entebbe: Kasuku wa porini hupita juu ya nyumba yetu asubuhi wakielekea bustani ya miti, na wetu, mwenye kibali, huwaitikia kwa nguvu. Nihamishe tundu?

Jibu: Acha awaitikie. Hakikisha tu ile kufuli ndogo imefungwa.