Somo: Tangazo la kikao kwa kiswaswadu, lifike kwa wote na likatwe meseji moja tu

Simu janja zimejaa Ngamiani hapa Tanga, lakini tangazo la kikao cha hisa linalomfikia kila mwanachama, hata aliye na kitochi cha betri ya kuchomoa, bado ni meseji ya kawaida. Somo hili ni la makatibu wa vikundi. Majina ya menyu yanatofautiana kidogo simu kwa simu, ila mpangilio ni ule ule.

Hatua ya 1: Zima kamusi. Fungua Ujumbe, kisha Andika ujumbe, ubonyeze alama ya reli (#) mpaka kialama cha kamusi kilicho juu ya kioo kitoke. Kamusi nyingi za vitochi zinajua Kiingereza tu. Ukiandika "sasa" zinakuletea neno lao, na usipotazama linakwenda hivyo hivyo. Kamusi ikizimwa unabonyeza herufi kwa herufi. "Mama" ni rahisi: 6, 2, 6, 2, vidole vinapokezana. "Baba" ndiyo inayowashinda wengi, maana herufi zake zote ziko kwenye kitufe cha 2: bonyeza mara mbili upate b, subiri kishale kisogee, bonyeza mara moja upate a, subiri tena. Ukiharakisha inatoka c.

Hatua ya 2: Hesabu herufi kabla ya kutuma. Hapa ndipo salio linapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Meseji moja hubeba herufi 160, na nafasi na nukta zinahesabiwa. Ukizidisha hata herufi moja inagawanywa, na kila kipande sasa kinabeba 153, kwa sababu sehemu ya nafasi inachukuliwa na maelekezo ya kuviunganisha vipande kwa mpokeaji. Kwa hiyo meseji mbili ni mwisho herufi 306, tatu ni 459. Kaunta iko pembeni juu: 80/1 maana yake zimebaki herufi 80 kwenye meseji ya kwanza. Ukiona /2, umeshaingia ya pili.

Tazama hili:

"Kikao Jumamosi saa 10 jioni Sahare. Hisa 5000, jamii 1000. Ukichelewa faini 500."

Ni herufi 80, nusu ya meseji. Sasa mtu aliandike kwenye simu janja na kubandika kikatuni cha moyo mwishoni. Papo hapo kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70, kwa kuwa moyo haumo kwenye orodha ya alama za kawaida, na ujumbe mzima unalazimika kuandikwa kwa mfumo unaokula nafasi zaidi. Tangazo lile lile linakatwa meseji mbili. Kwa watu 25 ni meseji 50 badala ya 25, kwa ajili ya moyo ambao kwenye kitochi unaonekana kiboksi. Salamu kwa hati ya Kiarabu nayo inashusha kikomo hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Tengeneza kundi la namba kwenye Majina, utume mara moja. Kila jina linakatwa meseji yake, hakuna punguzo.

Hatua ya 4: Ingia Mipangilio ya ujumbe, tafuta muda wa uhai wa meseji. Ukikuta saa 1, badilisha iwe siku 3 au muda mrefu kabisa. Mwanachama aliyekwenda baharini usiku hana mnara. Meseji yake inamngoja kwenye kituo cha mtandao. Muda ukiisha kabla hajarudi pwani, inafutwa. Washa pia ripoti ya kufika, ili mtu asije akasema hakupata.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Napiga vizuri na meseji zinaingia, ila nikituma inaandika haikutumwa. Salio lipo.

Marahaba. Namba ya kituo cha ujumbe imefutika au imekosewa. Meseji inayotoka hupita kwanza kwenye kituo hicho. Kupiga na kupokea havihitaji namba hiyo kwenye simu yako, ndiyo maana havijagoma. Chukua simu ya mwenzio wa mtandao huo huo, fungua mipangilio ya ujumbe, nakili namba ilivyo pamoja na +255, uiingize kwako.

Kibahasha kinawaka na kuzima juu ya kioo, na tangu jana sipati kitu.

Kikasha kimejaa. Simu ndogo zina nafasi finyu, na meseji za miamala ndizo zinazoimaliza. Futa za zamani. Zilizokuwa zikingoja zitaingia kwa mkupuo.

Niko Moa. Wakati mwingine simu inashika mtandao wa Kenya na salio linayeyuka.

Huo ni mpaka, simu inakamata mnara wenye nguvu. Nenda Mipangilio, Uchaguzi wa mtandao, weka kwa mkono, chagua mtandao wako. Hasara yake ni kwamba mnara wa kwako ukififia, utabaki bila mtandao kabisa. Ni bora hivyo kuliko kukatwa bei ya ugenini.

Mwalimu, "ng'ombe" nalo linaongeza gharama?

Ukiliandika kwenye kitochi, hapana, kialama chake kimenyooka na kimo kwenye orodha ya kawaida. Simu janja nyingine huweka kilichopinda. Hicho ndicho kinachoshusha kikomo hadi 70.

Mwanachama wetu kapata "ile hela itume kwenye namba hii", nusura atume michango yote. Tufanyeje?

Asijibu. Aipeleke meseji hiyo kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha atume namba ya tapeli akiulizwa. Mkiwa hapo hapo, kila mmoja apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Menyu hiyo haihifadhiwi kwenye simu, na ukichelewa kujibu inajifunga. Namba ya kitambulisho iwe imeandikwa kwenye karatasi kabla ya kuanza.