Hodi yao ni "nokhoi khor": mambo ya kuzingatia kabla ya kulala kwenye ger

Kabla ya kufungasha chochote, jiandae kuinama. Mlango wa ger, nyumba ya mviringo ya wafugaji wa Mongolia, ni mfupi, na mgeni mrefu asiyeangalia huligonga paji la uso kwenye fremu mbele ya wenyeji wote. Ukiinama utakiona kizingiti. Kiruke, usikikanyage hata kwa ncha ya kiatu. Mwanzoni mwa 1254 mtawa Bartholomew wa Cremona, aliyekuwa kambini kwa Mongke Khan, mtawala wa Wamongolia, pamoja na mwenzake William wa Rubruck, alibaki nyuma kidogo ili amwinamie Khan, kisha katika haraka ya kuwafuata wenzake akajikwaa kwenye kizingiti. Walinzi wakamkamata papo hapo. Aliponea kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaonya wageni wale, lakini hakuruhusiwa tena kuingia nyumbani mwa Khan. Wewe umeshaonywa.

Jina nalo ni la kuzingatia. Dunia nzima inasema yurti, neno lililotoka lugha za Kituruki kupitia Kirusi. Wamongolia wenyewe husema ger, yaani nyumba, na ukiiita hema utakuwa umeishusha hadhi. Wakirgizi na Wakazakh wana zao, zenye umbo tofauti kidogo. UNESCO iliuingiza ufundi wa ger ya Kimongolia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013, na ule wa Wakirgizi na Wakazakh ukafuata 2014.

Jifunze jinsi inavyosimama, maana karibu kila sharti utakaloambiwa linatoka kwenye ujenzi wake. Ukuta unaitwa khana: fito nyembamba zilizopishanishwa na kufungwa kwa vikanda vya ngozi, zinazofunguka na kukunjika kama geti la dukani linalovutwa pembeni. Ger ya kawaida ya familia ina khana tano. Juu kabisa, katikati, kuna duara la mbao linaloitwa toono. Ndilo dirisha, ndilo bomba la moshi, ndilo saa, maana mwanga wa jua unaopita humo huonyesha wakati. Duara hilo linashikiliwa na nguzo mbili, bagana, na kutoka ukutani hadi kwenye duara zinapanda fito ndefu zilizopakwa rangi, mara nyingi ya chungwa, ziitwazo uni. Hakuna msumari unaoshikilia mifupa hiyo. Ni mikanda, kamba na uzito wake wenyewe. Juu yake hutandazwa sufu ya kondoo iliyoloweshwa, ikaviringishwa na kushindiliwa mpaka ikawa shuka nene lisilopitisha upepo, kisha turubai, kisha kitambaa cheupe, na kamba zinazunguka nje kukaza vyote. Bila fanicha, mzigo wote ni kama robo tani, na wenye uzoefu huisimamisha kwa saa chache tu.

Anayewajua Warendille na Wagabra wa Marsabit hatashangaa. Kule pia nyumba hupakiwa juu ya ngamia, na fito zake huwa sehemu ya tandiko la mzigo. Tofauti kubwa ni baridi.

Na hapo ndipo wageni wengi kutoka kwetu hukosea. Waliolala Makete au Limuru wasijidanganye. Majira ya baridi Mongolia hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na hata Julai, baada ya mchana wa jua kali, usiku unaweza kukutafuta mpaka kwenye mifupa. Tatizo si kwamba ger ni baridi. Tatizo ni kwamba ina joto na baridi kwa zamu. Jiko la bati liko katikati, na mafuta yake kwa wafugaji wengi ni argal, yaani samadi iliyokauka ya ng'ombe au ngamia. Likiwashwa, ndani ya robo saa unavua sweta. Argal huwaka upesi na kuisha upesi, kwa hiyo kufika saa tisa usiku jiko ni bati tupu na pumzi yako unaiona. Ndiyo maana nguo moja nene haikusaidii. Chukua nyingi nyepesi za kuvaa na kuvua, soksi za sufu za kulalia, kofia ya kulalia (usicheke, utaivaa), na begi la kulalia hata kama umeambiwa mablanketi yapo.

Usijaribu kuziba toono kabisa ili joto lisitoke. Juu yake kuna kipande cha sufu cha pembe nne kinachovutwa kwa kamba kutoka nje, na wenyeji wanajua ni kiasi gani cha kukiacha wazi. Kwetu tumezika watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi ni ileile, na ger iliyofungwa vizuri ni chumba kama kingine.

Jiko lenyewe liheshimu. Moto ni kitu kitakatifu kwao, kwa hiyo usitupie humo tishu uliyopengea makamasi wala karatasi ya peremende, usimwagie maji, na ukikaa usilinyooshee nyayo. Hili la tishu ndilo huwaponyoka wageni, kwa sababu kwetu jiko ni mahali pa kawaida pa kuchomea takataka ndogo.

Sasa kufika. Usigonge mlango. Ukiwa bado mbali, paza sauti: "Nokhoi khor!" Maana yake ni "shika mbwa", na husemwa hata pale ambapo hakuna mbwa anayeonekana. Ndiyo hodi yao. Subiri mtu atoke, maana mbwa wa wafugaji hakufugwa kwa ajili ya urembo. Kazi yake ni mbwa mwitu na wageni, na hatofautishi sana. Ukikaribishwa, ingia na elekea kushoto. Mlango unatazama kusini, hivyo kushoto kwako ni magharibi, upande wa wanaume na wageni, penye matandiko ya farasi. Kulia ni upande wa wanawake, wenye vyombo na chakula. Kaskazini, mkabala na mlango, ni khoimor, mahali pa heshima penye picha za wazee na vitu vya ibada. Usijipeleke huko mpaka uitwe. Usipite katikati ya zile nguzo mbili, wala usimpitishie mtu kitu katikati yake.

Kwa Mwislamu kuna faida hapa. Maeneo ya Ulaanbaatar kibla iko karibu magharibi kamili, kwa hiyo mtu aliyeingia kupitia mlango wa kusini anaijua bila simu: ni mkono wake wa kushoto.

Chakula kinahitaji maandalizi ya moyo kuliko ya begi. Utapewa suutei tsai, chai ya maziwa yenye chumvi, na ulimi uliozoea chai ya tangawizi na sukari utashtuka. Ichukulie kama supu na itapita vizuri. Utapewa aaruul, maziwa yaliyogandishwa na kuanikwa juu ya ger mpaka yakawa magumu kama jiwe, ambayo hunyonywa, hayatafunwi. Kiangazi kuna airag, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, yenye kilevi kidogo. Asiyekunywa aseme mapema na kwa upole, si kwenye bakuli lililokwisha mfikia. Pokea kila kitu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kiwiko. Mtu wa malezi ya Kiafrika hapa hahitaji somo. Anayetaka nyama ya halali kwa urahisi afikirie Bayan-Ölgii, mkoa wa magharibi kabisa, ambako wengi ni Wakazakh Waislamu. Ger zao ni ndefu kwenda juu, hazina nguzo za kati, na kuta zimepambwa kwa vitambaa vya kudarizi.

Umeme si kama unavyodhani. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2000 ulizifikishia zaidi ya kaya 100,000 za wafugaji umeme wa jua kufikia 2012, kwa hiyo paneli na televisheni utavikuta. Ila umeme huo si wa kuchajia simu, kamera na betri tatu za wageni wanne. Njoo na betri yako ya akiba. Tochi ya kuvaa kichwani ni lazima, choo kiko nje na ni mbali. Pesa taslimu za tugrik chukua mjini.

La mwisho, ambalo kampuni za watalii hazikuambii: ukifikia kwa wafugaji halisi badala ya kambi ya wageni, unaweza kuangukia siku ya kuhama. Wengi huhama mara kadhaa kwa mwaka kufuata malisho, na siku hiyo mgeni naye ni mikono. Kabati na jiko hutangulizwa mahali pake kabla ya ukuta kuzungushwa. Kisha mtu mmoja au wawili husimama katikati wameshika bagana na toono juu yake, huku wengine wakichomeka uni kutoka pande zinazokabiliana ili duara lisilale upande mmoja. Mpaka fito za kwanza zimeingia pande zote, paa lote limo mikononi mwa aliyeshika nguzo. Ukipewa kazi hiyo, simu ibaki mfukoni. Picha utapiga uni zikishajaa.