"Freeze": neno la baridi ambalo mgeni wa Marekani lazima alijue

Ukifika Marekani utaanza kulisikia neno "freeze" kwenye utabiri wa hali ya hewa, majira ya baridi yakikaribia, na wengi wetu tunaliacha hapo hapo: baridi, barafu, basi. Lakini litakufuata hadi benki na kazini, na siku mbaya litatoka mdomoni mwa mtu mwenye bastola. Hilo la mwisho lijue kabla hata hujanunua jaketi.

Tarehe 17 Oktoba 1992, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16 aliyekuwa akisoma Baton Rouge, Louisiana, alikuwa anatafuta nyumba yenye sherehe ya Halloween. Akakosea nyumba. Mwenye nyumba alitoka na bastola, akapaza sauti: "Freeze!" Kijana akazidi kusogea huku akieleza kwamba amekuja kwenye sherehe. Akapigwa risasi, akafa. Mwenye nyumba alishtakiwa, na mwaka 1993 baraza la mahakama likamwona hana hatia.

Ukiambiwa hivyo, simama kama ulivyo. Usisogee mbele, usikimbie, usitie mkono mfukoni, hata kama unachotafuta ni kitambulisho. Polisi anaweza kusema "don't move". Amri ni ile ile. Mikono ionekane, vidole wazi. Leseni ikiwa mfukoni, sema kwanza iko wapi, uichukue ukiruhusiwa. Kwetu dereva akisimamishwa na trafiki ni kawaida kushuka, akasalimie na kujieleza. Huku baki garini, mikono juu ya usukani. Wafundishe watoto, na zaidi mzazi aliyekuja kukutembelea na Kiingereza chake ni cha kubahatisha.

Kwenye hali ya hewa, "freeze warning" ni tahadhari kwamba halijoto itashuka hadi nyuzi 32 za Farenhaiti, yaani sifuri ya Selsiasi, au chini ya hapo. Sukuma na mchicha wako wa uani vuna au funika jioni hiyo hiyo. Baridi ikizidi, kama nyuzi 20 za Farenhaiti, mabomba ndiyo yanayokuwa hatarini. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba, na pengine hutajua mpaka barafu iyeyuke na ukuta uanze kuvuja. Acha bomba la jikoni lidondoshe maji kidogo kidogo, fungua milango ya kabati la chini ya sinki joto lipenye, na ujue valvu kuu ya maji iko wapi. Ukisafiri kwenda nyumbani Desemba usizime hita kwa kuogopa bili. Iache kwenye nyuzi 55 za Farenhaiti. Na usidhani uko salama kwa kuwa unaishi upande wa joto: Februari 2021 baridi iliikumba Texas, umeme ukakatika kwa siku kadhaa na mabomba yakapasuka nyumba nyingi mno.

Mtu akisema "I'm freezing", anasikia baridi tu.

Kwenye pesa kuna mambo mawili msiyachanganye. Akaunti ikiwa "frozen", benki imeizuia na huwezi kutoa kitu. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako, kamwe si ile iliyokuja kwa meseji. "Credit freeze", yaani kufungia rekodi zako za mikopo, unaiomba mwenyewe, ili aliyeiba namba yako ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali) asichukue mkopo kwa jina lako. Tangu Septemba 2018 ni bure kwa sheria. Omba kwa kampuni tatu zinazotunza rekodi hizo, Equifax, Experian na TransUnion, kila moja peke yake. Ukitaka mkopo wa kununua gari, iondoe kwa muda. Ukiomba kwa simu au mtandaoni, wanatakiwa kuiondoa ndani ya saa moja. Haishushi alama zako za mkopo hata kidogo, kwa hiyo ningemshauri kila mgeni aiweke.

Kazini, "hiring freeze" ni kusimamisha ajira mpya. Uliyeko ndani hujafukuzwa. Na "rent freeze" ni kwamba kodi ya nyumba haitapanda kwa muda uliotajwa, ila kila mwezi utailipa kama kawaida.