Kukodi gari Zanzibar bila kujuta

Kabla hujatoa hela zunguka gari lote na simu, piga video kila mkwaruzo, bampa, rimu, vioo, hata saiti mira, na mwenye gari awepo anaona, maana siku ya kurudisha utaoneshwa mchubuko wa zamani na depoziti yako ndo basi tena.

Halafu fungua buti. Mi sikufungua aisee, nikapata pancha Jambiani saa kumi na mbili jioni, kutoa spea haina upepo, spana yenyewe haishiki nati inazunguka tu, watoto wamelala nyuma, mpaka kijana wa bodaboda akanibeba na hiyo spea mapajani hadi kwa fundi Paje. Kwa hiyo bonyeza spea kwa mkono, jaribu spana kwenye nati palepale, jeki uione.

Mafuta piga picha geji. Wageni wa nje waulizie kibali cha kuendesha mapema, kuna vizuizi vya polisi njiani. Na usiku usikimbize jamani, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa zipo kweli.