Jinsi ya kujaribu Pathfinder 2 na washkaji bila kumaliza libuku lote

Mtu akisikia Pathfinder, ile gemu ya mezani ya dadu na hadithi ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake na mmoja anaendesha, swali la kwanza ni lile lile, hivi mnasoma lile libuku lote la sheria kweli? Lile la 2019 lina kurasa 640 na hapo madubwana bado, yana kitabu chao. Jibu ni hapana, na kama unasubiri wenzako wanne wasome ndo mcheze basi hamtacheza mwaka huu. Anayepaswa kusoma ni mmoja tu, yule atakayeendesha gemu, na hata yeye aanze na vitu viwili: zamu kwenye vita inaendaje na matokeo ya dadu yanasomwaje. Mengine mtayakuta mezani.

Hela msiogope. Sheria zote ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, na si wizi, Paizo wenyewe, yaani kampuni inayotoa gemu hii, wamewaruhusu. Ila mjue kuna vitabu vya matoleo mawili yanayofanana sana. Mwanzoni mwa 2023 kulitokea vurugu ya leseni kutoka kwa wenye Dungeons & Dragons, leseni ambayo Pathfinder nayo ilikuwa inaitumia, Paizo wakaona bora wajitoe kabisa, wakaandika upya vitabu vyao na vya kwanza vikatoka Novemba 2023. Majina kadhaa yalibadilika, baadhi ya uchawi ukaguswa, lakini hesabu za msingi ni zile zile, kwa hiyo mwenye PDF ya zamani asifukuzwe mezani.

Kama mnaweza kuchanga, chukueni Beginner Box, yaani boksi la wanaoanza, hata ile ya PDF. Ilitoka 2020, hadithi iko kwenye mji mdogo wa bandari unaitwa Otari ambako kuna kitu kinakula samaki stoo, mnatumwa kwenda kuangalia chini kuna nini. Uzuri wake si hadithi (hadithi ni ya kawaida tu, tuwe wakweli), uzuri wake ni kwamba kila chumba kinawaletea sheria mpya moja, hiki mnajifunza kupiga, kile mnajifunza kujiokoa na mtego, na mwendeshaji naye anafundishwa humo humo bila nyie kujua. Ndani kuna wahusika wanne waliokamilika: mpiganaji Valeros, kasisi Kyra, mchawi Ezren na Merisiel ambaye ni mwizi. Gawaneni hao. Najua kuna mshkaji wenu mmoja atataka kuunda wake tangu siku ya kwanza, mwambieni asubiri, kuunda mhusika bila kujua gemu inachezwaje ni kuchagua vitu kwa kuangalia majina mazuri.

Ramani karatasi ya grafu inatosha, mraba mmoja ni futi 5, vizibo vya soda ndo wapiganaji, na kama hamna dadu kuna programu za simu. Vitabu ni vya Kiingereza lakini mezani ongeeni kama mnavyoongea siku zote, asiyependa kusoma Kiingereza asijikute amekaa kimya jioni nzima.

Sasa zamu. Kila mtu ana akshen tatu, yaani vitendo vitatu, na riakshen moja ya kujibu kitu kilichofanywa na mwingine. Kutembea ni akshen moja, kupiga moja, kuchomoa silaha moja, kuinua ngao moja, uchawi mwingi ni mbili. Dadu ni ile ya pande 20 unajumlisha bonasi yako, ukifikia namba inayotakiwa umefanikiwa, ukiipita kwa 10 au zaidi hiyo ni kriti na kwenye kupiga madhara yanazidishwa mara mbili, ukipungukiwa kwa 10 au zaidi umeharibu kabisa. Ukiangusha 20 yenyewe matokeo yanapanda ngazi moja, ukiangusha 1 yanashuka ngazi moja. Hayo yaeleze kwa dakika tano halafu anzeni, msifanye semina.

Tatizo litakuja hapa na ndo sababu naandika. Watu wapya wote wakiambiwa wana akshen tatu wanapiga mara tatu. Gemu hii inawaadhibu kwa hilo, pigo la pili kwenye zamu hiyo hiyo unakatwa 5 na la tatu unakatwa 10. Chukua mpiganaji wa levo 1 mwenye bonasi ya +9 dhidi ya goblini (dubwana dogo) mwenye AC 16, AC ndo namba ya kufikia ili umpate: pigo la kwanza anahitaji 7 kwenda juu, yaani asilimia 70, la pili asilimia 45, la tatu asilimia 20 tu. Hiyo ya tatu ni kupoteza muda aisee. Sasa mwenzake akisimama upande wa pili wa goblini, yaani wamemweka kati, AC inashuka 2, na mwingine akimtishia akaogopa inashuka 1 tena. AC sasa ni 13, mpiganaji anapata kuanzia 4, na kriti ambayo ilikuwa asilimia 20 imeshakuwa 35. Bila silaha mpya wala levo mpya, ni watu wawili wametumia akshen zao za tatu kwa akili. Kundi likishaliona hilo kwa macho yao gemu inabadilika, wanaanza kuulizana "nikuwekee nini hapo" badala ya kila mtu kupigana kivyake. Mwendeshaji, kazi yako kwenye kikao cha kwanza ni kulisema hili kwa sauti kila mtu anapotaka kupiga mara ya tatu, usione aibu, mkumbushe kuna kutembea, kuna ngao, kuna kutishia.

Na waambie kukimbia kunaruhusiwa. Waliotoka kwenye gemu nyingine wanadhani ukimpa adui mgongo lazima akuchape, huku levo 1 wenye uwezo huo ni wapiganaji na baadhi tu ya maadui. Kupiga halafu kurudi nyuma kunamlazimisha adui naye atumie akshen kukufuata.

Kasisi naye afundishwe uchawi wake wa kuponya mapema. Akshen moja lazima amguse mtu, mbili anaponya kwa mbali na anaongezewa 8 juu, tatu anaponya kila kilicho hai karibu yake. Kila kilicho hai, hata maadui, kwa hiyo atazame kwanza nani kasimama wapi.

Kitu kingine kinachoua vikundi vipya ni kwenda vita ya pili mkiwa na uhai nusu. Baada ya kila vita kaeni mtibiane, ni dakika 10 za ndani ya hadithi, namba inayotakiwa kwenye dadu na bonasi ni 15, mwenye mafunzo ya tiba akifanikiwa mgonjwa anarudishiwa uhai wa dadu mbili za pande 8. Mtu mmoja LAZIMA awe na tiba na vifaa vyake, kasisi peke yake hatoshi. Halafu kila mchezaji anaanza kikao na pointi moja ya shujaa ya kurudia dadu mbaya, na mwendeshaji anatakiwa agawe nyingine kama moja kwa saa. Watu wanazisahau kabisa, weka kizibo cha rangi tofauti mbele ya kila mtu.

Kwa mwendeshaji atakayetunga mwenyewe: zile hesabu za bajeti ya vita, ambapo kila adui ana pointi zake kulingana na levo, ziamini. Kwa watu wanne vita ya wastani ni pointi 80, ngumu 120, 160 ni ya kufa na kupona. Ila levo 1 bosi mmoja mkubwa ni hatari kuliko inavyoandikwa, wa levo 3 anakula pointi 80 tu kwenye karatasi lakini kriti zake zinalaza mtu kwa pigo moja. Wape goblini wanne wa levo -1 (hasi moja), pointi ni zile zile 80 na kila mtu anapata cha kufanya.

Mkibishana sheria, mwendeshaji aamue papo hapo, iandikwe pembeni, itafutwe baada ya kikao. Kusimamisha vita mtu ascroll robo saa ndo kunawafanya watu waone gemu nzito.

Kubalianeni mapema ni vikao vitatu hivi halafu mnapiga kura, si mwaka mzima. Wakisema tuendelee, hapo sasa yule mshkaji wa kuunda mumfungulie Pathbuilder, programu ya kuundia wahusika, inamfanyia hesabu zote, ila kwa mhusika wa kwanza mshaurini mpiganaji au kasisi, mhusika wa alkemia (wa kuchanganya dawa na mabomu) amwache kwanza, ana vitu vingi sana vya kuhesabu.