Jinsi ya kupanga zamu za maji kwenye mfereji wa kikundi

Vikundi vingi vya umwagiliaji vya huku bonde la Luiche, Kigoma, huanzia kwenye saruji. Hela ikipatikana linajengwa banio, yaani kizuizi cha kuingiza maji ya mto mferejini, unachimbwa mfereji, picha zinapigwa. Ikifika Septemba, wa juu, karibu na banio, wana majaruba ya mpunga yanayong'aa kwa maji na wa mkiani wana vumbi. Kuchimba ndiyo kazi nyepesi. Kugawa ndiyo skimu yenyewe, na huwezi kugawa usichokipima. Mwongozo huu ni wa kikundi chenye mfereji mmoja wa udongo na wanachama wachache wanaofahamiana. Skimu kubwa zina wahandisi wao.

Hatua ya 1: Pima maji ya kiangazi

Pima mwishoni mwa Agosti au Septemba, kabla mvua hazijaanza. Ukipima Machi utagawa maji ambayo hutakuwa nayo.

Unahitaji tepu, fimbo, simu yenye stopwochi na chungwa. Chungwa ni zuri kuliko chupa tupu kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Chagua kipande cha mita 10 kilichonyooka, kisicho na majani, usimike kijiti kila mwisho. Pima upana sehemu tatu, kisha kina sehemu kadhaa kutoka kingo hadi kingo, utafute wastani. Dondosha chungwa mita chache juu ya kijiti cha kwanza ili likifika hapo liwe tayari linakwenda na mwendo wa maji. Rudia mara tano. Mara ambayo limekwama kwenye kingo usiihesabu.

Tuseme upana ni mita 0.6, kina mita 0.15, na chungwa limetumia sekunde 25. Upana mara kina ni 0.09. Mita 10 gawa kwa 25 ni mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha: 0.036. Hapa wengi wanaishia na kufurahi. Lakini chungwa linapita juu, na maji ya chini na ya kingoni yanacheleweshwa na udongo, kwa hiyo kwa mfereji mdogo wa udongo zidisha tena kwa 0.7. Unabaki na takriban mita za ujazo 0.025, yaani lita 25 kwa sekunde.

Pima na mto wenyewe, juu ya banio. Mkiona mfereji unakunywa karibu mto wote, punguzeni. Chini yenu kuna wakulima wengine, na kuna ziwa.

Hatua ya 2: Geuza lita ziwe ekari

Lita 25 kwa sekunde, usiku na mchana, ni mita za ujazo 2,160 kwa siku. Sasa ondoa nusu. Ndiyo, nusu: mfereji wa udongo unavuja, shamba halijasawazishwa, maji mengine yanapitiliza. Zinabaki 1,080. Mboga na mahindi ya kiangazi huhitaji kama milimita 6 kwa siku, na milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, kwa hiyo hekta moja inataka 60. Gawa: hekta 18, karibu ekari 44.

Hiyo ni bila mpunga. Kuandaa jaruba peke yake, kabla ya kupanda hata mche mmoja, kunaweza kula milimita 150 hadi 250, na baada ya hapo maji yanaendelea kunywea chini kila siku. Kwa mpunga wa kiangazi mimi huhesabu nusu ya eneo, na kwenye udongo wa kichanga siuruhusu kabisa. Watu watanuna. Waoneshe hesabu.

Hatua ya 3: Pima mashamba kwa kamba moja

Kila mtu atakwambia ana ekari moja, hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Mwenye miguu mirefu na bibi yake hawapati ekari sawa. Chukueni kamba ya mita 64. 64 kwa 64 ni ekari moja na chembe. Pimeni mashamba yote siku moja, wanachama wote wakiwepo, na kila mmoja atie sahihi au dole gumba mbele ya namba yake. Siku hii ikienda vizuri, ugomvi mwingi wa baadaye haupo.

Hatua ya 4: Tengeneza mzunguko

Vikundi vingi hupanga siku saba. Ubaya wake ni kwamba mwenye zamu ya usiku wa manane atakuwa wa usiku wa manane maisha yote, na mara nyingi anayepewa ni mjane au kijana asiye na msemaji. Weka siku saba na nusu. Mzunguko ukianza Jumatatu saa 12 asubuhi, unaofuata utaanza Jumatatu inayofuata saa 12 jioni. Aliyemwagilia mchana safari hii, safari ijayo ni usiku. Hakuna wa kubembelezwa.

Siku saba na nusu ni saa 180. Kwa ekari 44, toa saa 4 kwa ekari: zinakuwa 176, na zile 4 zinazobaki ni za maji kusafiri mferejini. Mwenye nusu ekari anapata saa 2, mwenye robo saa 1. Wakati wa zamu yake anapata mfereji wote. Kumegeana vijitone watu sita kwa pamoja ni kuyanywesha maji udongo wa njiani. Mchicha kwenye kichanga hauwezi kungoja wiki. Hapo gawanya kila kitu kwa mbili, saa 2 kwa ekari kila siku tatu na robo tatu.

Anza mkiani, panda kwenda juu. Maji yakipungua katikati ya mzunguko, anayeumia ni wa juu, na wa juu ndiye anayeweza kwenda banioni kuona kuna nini. Ukianza juu, wa mwisho ataumia na hana uwezo wa kufanya lolote.

Kugawa maji kwa muda si jambo geni. Manga, yaani Omani, walikotoka mababu wa baadhi ya familia za Ujiji, mifereji ya falaji imegawanywa hivyo kwa karne nyingi: mchana walisoma kivuli cha jua, usiku nyota, na fungu moja, liitwalo athari, ni nusu saa. Mitano kati ya falaji hizo iliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kule fungu la maji hurithiwa, hukodishwa na hata kuuzwa. Hilo la kuuza msiliige. Ruhusuni kubadilishana zamu tu, kwa kumjulisha mgawa maji. Mkiruhusu kuuza, mwenye shida ya ada ya shule Julai atakuwa hana shamba Septemba.

Hatua ya 5: Mgawa maji na adhabu

Mchagueni mtu mwenye shamba katikati, si juu wala mkiani. Mlipeni, kwa fedha au kwa mazao, na yeye peke yake ndiye afungue na kufunga milango. Adhabu ziandikwe kabla ya kosa la kwanza: kuiba zamu, kutohudhuria kusafisha mfereji, na kuachia maji yakafurika kwa jirani. Hili la mwisho lina umri mkubwa. Sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1,750 kabla ya Kristo, zinamtaka mzembe aliyeacha maji yakaharibu shamba la jirani alipe nafaka.

Kuhusu usafi: gawanyeni mfereji kwa mita kulingana na ekari za mtu, ila vipande vya karibu na banio vifanywe na wote. Mkimaliza kumwagilia, mitaro ya kutoa maji iachwe wazi. Maji yaliyotuama huleta mbu na konokono wa kichocho.

Hatua ya 6: Karatasi

Kuchepusha maji ya mto kwa kilimo kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Huku kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi ipo Kigoma mjini. Nendeni na ile namba ya Hatua ya 1. Kikundi kisajiliwe. Na msilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza, na mto ukibomoka banio lenu litakuwa la kwanza kwenda.

Hatua ya 7: Pima tena kila Septemba

Lita 25 zikishuka hadi 20, msiguse saa. Punguzeni eneo: kila mwanachama, akiwemo mwenyekiti, aache sehemu moja kati ya tano ya shamba lake msimu wa kiangazi unaofuata. Tangazeni mapema na kubandika ubaoni pale banioni, kabla mtu hajasia kitalu.